Zamu ya Usiku kwenye Mfereji

Hotuba kwa walimu na wahitimu wa darasa la uandishi, Moshi

Asalaam aleikum. Bwana Yesu asifiwe. Shimboni.

Wazee wetu, shikamooni. Walimu wenzangu, wahitimu mlioacha biashara za Jumamosi mkaja, na ninyi watoto mliokaa chini na mama zenu kwa kuwa viti vimekwisha, nawashukuru wote. Nimeombwa nizungumze juu ya maisha ya walimu na wahitimu wa darasa hili: wanaandika nini, na wanaandika saa ngapi. Nitaanza na swali nililoulizwa humu humu chumbani, nikashindwa kulijibu.

Aliyeniuliza anauza vitenge Mbuyuni. Alikuwa ameleta hadithi yake ya tatu, nami nilikuwa nimeijaza maandishi mekundu pembeni. Kwenye ukurasa wa pili niliandika, "Mhusika huyu anaongea kama kitabu." Alisoma yote kwa utulivu, akaikunja karatasi mara mbili, akaniangalia. "Ahsante, Mwalimu. Na wewe unaandika nini siku hizi?"

Nikasema nipo, kazi nyingi. Akaitikia kwa adabu, akabeba mfuko wake akaondoka. Hakuwa na nia ya kuniumiza. Aliuliza kama mtu anavyomuuliza mkulima mwenzake mahindi yake yamefikia wapi.

Usiku ule nilifungua saraka ya kabati langu nikaitoa riwaya niliyoianza. Sura nne. Pembeni mwa ukurasa wa mwisho nilikuwa nimeandika tarehe, na ilikuwa ya wiki ile ambayo binti yangu alianza chekechea. Binti huyo sasa yuko kidato cha pili.

Miaka yote hiyo nilikuwa nikiandika nini basi? Niliandika azimio la kazi. Niliandika andalio la somo kila siku ya Mungu. Niliandika kitabu cha zamu: wanafunzi wangapi wamechelewa, maji yametoka au hayakutoka, uji umeiva saa ngapi. Nilikuwa na mikondo minne ya wanafunzi sitini sitini, maana yake insha 240 kwa kila zoezi, na kila insha ina mtoto anayesubiri kujua umesoma au umepiga tiki tu. Walimu mlioko hapa hamhitaji maelezo zaidi. Siidharau kazi hiyo hata kidogo. Watoto wale walistahili kusomwa. Lakini jioni, nilipokuwa nimemaliza maneno ya watu 240, ya kwangu yalikuwa hayasikiki tena.

Nikiwa kijana kazini, mkuu wangu mmoja aliniona ninaandika wakati wa mapumziko akaniambia hadithi ni kazi ya mtu asiye na kazi. Nilimwamini. Hilo ndilo kosa langu, na ninalisema mbele yenu kwa sababu naona wapo vijana humu wanaoambiwa maneno hayo hayo na watu wanaowapenda.

Sasa sikilizeni kilichofuata, maana kinawahusu ninyi mliofundishwa na mimi katika miaka ile. Nilipoacha kuandika sikuacha kufundisha kuandika. Niliendelea, ila kwa kumbukumbu. Nilisema yale niliyosema mwaka wa kwanza, na mifano ilikuwa ile ile. Nilikuwa nimesahau ilivyo kazi kumwingiza mtu ndani ya nyumba kwa maandishi: anabisha hodi, nani anaitikia, anavua viatu au havui, anakaa wapi, na kama kuna msiba mle ndani anaanza kusema nini. Unaweza kukesha na mtu mmoja mlangoni. Mwalimu anayeandika anaijua dhiki hiyo, kwa hiyo akikwambia "andika tena" anajua anakutuma wapi. Mimi nilikuwa nikisema "andika tena" kama mtu anayesema fagia tena. Walionisikia hivyo wakaacha kuja, naombeni mnisamehe.

Mimi ni mzaliwa wa Kibosho. Wengi wenu mmekulia kwenye mifereji, lakini kwa wageni wetu nieleze kidogo. Huko kwenye Mlima Kilimanjaro maji yanachotwa kwenye mito ya juu, mbali, yanaongozwa kwenye mfereji uliochimbwa kwa mkono ukizunguka kwenye miteremko hadi kwenye vihamba, yaani mashamba ya migomba ya nyumbani. Wageni walioupita mlima huu na kuandika habari zake karne ya 19 waliistaajabia mifereji hiyo, na ilikuwa ya zamani tayari. Maji hayo hayamtoshi kila mtu kwa wakati mmoja. Kwa hiyo kuna zamu. Huyu asubuhi, yule mchana, na mwingine saa nane za usiku. Yapo pia mabwawa madogo, nduwa, yanayokusanya maji ya usiku ili yafunguliwe kunapokucha.

Babu yangu aliwahi kuwa na zamu ya saa nane usiku kwa msimu mzima. Nilikuwa naamka naye kushika kandili. Anatembea mbele na jembe, mimi nyuma nikihofia vyura. Tukifika kwenye tundu la mfereji anaondoa mawe na matope yaliyoziba, maji yanaingia kwetu kwa sauti ambayo hadi leo nikiisikia mahali naamka. Halafu anatembea kutoka mgomba hadi mgomba akiyaelekeza, hadi saa kumi. Sikuwahi kumsikia akiilalamikia saa nane. Alichokuwa akikilalamikia, na hapo alikuwa mkali kweli, ni mtu aliyepewa zamu akalala, maji yakapita mbele ya shamba lake yakarudi mtoni.

Na kulikuwa na msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji, wa kusafisha mfereji. Asiyefika alitozwa, na akirudia alinyimwa maji. Mzee wa mfereji, yule anayepanga zamu, hakukaa ukingoni kuhesabu watu. Aliingia mwenyewe, matope magotini, akatoa majani kama wengine. Nilikuwa mtoto na nilidhani ni kwa sababu hana watoto wa kumsaidia. Nilipokuwa mtu mzima nikaelewa kwamba bila kuingia asingejua mfereji unavuja wapi.

Nchi za wenzetu wana utaratibu mrefu wa madarasa kama haya. Marekani, Chuo Kikuu cha Iowa kilianzisha programu yake ya uandishi mwaka 1936, na umbo lake mnalijua kwa sababu na sisi tunalitumia: watu wanakaa kuzunguka meza, kazi ya mmoja inasomwa na wote, na anayeongoza naye ni mwandishi. Lakini kisa ninachokipenda hakikutokea kwenye chuo chenye jina. Kilitokea mwishoni mwa miaka ya 1950 katika chuo kidogo cha Chico, California. Kijana mmoja, Raymond Carver, alikuwa na mke na watoto wawili wadogo, anafanya vibarua, hana mahali pa kuandikia. Mwalimu wake wa uandishi, John Gardner, akampa ufunguo wa ofisi yake ili aitumie mwisho wa juma. Carver baadaye alikuja kuwa mmoja wa mabingwa wa hadithi fupi wa Marekani, na alieleza mwenyewe jinsi ufunguo ule ulivyombadilishia maisha.

Watu wakisimulia kisa hiki huishia hapo kwenye ufunguo. Mimi nataka tuingie ofisini. Humo ndani Carver alikuta masanduku ya miswada ya Gardner mwenyewe. Wakati huo Gardner alikuwa hajatoa riwaya hata moja. Mwalimu aliyekuwa akikosoa kazi zao neno kwa neno, alikuwa na masanduku ya kazi yake ambayo ulimwengu haujaiona, na anaendelea. Nafikiri kijana yule alijifunza kwenye masanduku yale kitu ambacho hakuna somo lingeweza kumpa: kwamba mtu anaweza kufanya kazi hii miaka mingi bila shahidi, na bado ikawa kazi.

Hata kwetu haikuwa tofauti. Tunavitaja vitabu vya wakubwa wetu tukasahau mishahara yao ilitoka wapi. Shaaban Robert alikuwa karani wa serikali ya kikoloni, idara ya forodha, kuanzia 1926 hadi 1944, halafu idara nyingine baada ya hapo. Euphrase Kezilahabi alimaliza Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1970, akashika chaki sekondari, na riwaya yake ya kwanza ikatoka 1971. Baadaye alifundisha chuoni miaka mingi, hapa na Botswana, na kila aliposhika kalamu alikuwa na rundo la kazi za wanafunzi zinazomngoja. Abdulrazak Gurnah, mtoto wa Zanzibar, alifundisha Chuo Kikuu cha Kent nchini Uingereza kwa zaidi ya miaka 30. Riwaya yake ya kwanza ilitoka 1987, na alipopewa Tuzo ya Nobel mwaka 2021 alikuwa ameshaandika kumi. Hesabuni wenyewe: karibu riwaya moja kila miaka mitatu na nusu, pembeni ya mihadhara na mitihani.

Na Mwalimu Nyerere je? Aliacha kufundisha Pugu mwaka 1955 akaingia siasa. Mwaka 1963, nchi ina miaka miwili tangu uhuru, ikatoka tafsiri yake ya Kiswahili ya Julius Caesar wa Shakespeare. Hakuridhika nayo, akairekebisha, na toleo jipya likatoka 1969, mwaka ule ule wa tafsiri yake ya Mabepari wa Venisi. Rais wa nchi changa, anarudi kwenye kitabu alichokwisha kukichapa kwa sababu maneno hayajakaa sawasawa! Mimi nilikuwa na mikondo minne nikasema sina muda.

Nije kwa wahitimu wetu. Majina sitayataja, maana wengine mpo hapa na wengine hamjawaambia waajiri wenu kwamba mnaandika.

Yuko muuguzi. Anatoka zamu ya usiku saa moja asubuhi, anapanda daladala ya kwenda Machame, na kutoka stendi mpaka anaposhuka anaandika. Aliniambia haandiki akifika nyumbani kwa sababu mlangoni anapokelewa na mama mkwe, watoto, na ng'ombe mmoja. Kwa hiyo yake ni ndani ya daladala tu, mistari kumi, siku nyingine minne. Nilipomwomba aniletee alichonacho, alileta madaftari matano na hadithi kumi na tisa. Mbili zimesomwa redioni. Ukizisoma utaona sentensi zake ni fupi na hukatika ghafla, na sasa mnajua kwa nini: hizo ni sentensi za barabara yenye matuta. Nilitaka kumshauri azirefushe. Nashukuru nilinyamaza.

Yuko kijana anayeuza mitumba soko la Memorial. Asubuhi belo likifunguliwa hawezi hata kupiga chafya. Lakini kuanzia saa nane mchana jua linapokaa juu ya mabati, wateja wanapotea, na hiyo ndiyo zamu yake. Anaandika kwenye simu. Anaandika habari za nyumba moja ya kupanga yenye vyumba nane na choo kimoja, na akimaliza kipande anawasomea wenzake wa meza za jirani. Siku moja walimkatalia. Wakamwambia, "Mpangaji anayedaiwa miezi mitatu haongei hivyo na mwenye nyumba. Huyo anaanza na salamu, anaulizia na watoto." Akaandika upya. Toleo lile lilipofika hapa darasani hatukuwa na la kuongeza. Nasema wazi kwamba wauza mitumba wale walifanya kazi ya mhariri, na walifanya vizuri kuliko mimi.

Wapo walimu wa shule za msingi wanaotunga michezo ya kuigiza ya sikukuu za shule, ikachezwa mara moja mbele ya wazazi, ikaishia hapo. Tusiihesabu kuwa kazi ndogo. Ileteni hapa ihifadhiwe.

Dada mmoja aliyehitimu hapa zamani aliniambia kwa aibu kwamba ameacha kuandika. Nikamuuliza anafanya nini jioni. Akasema anakaa na bibi yake, anarekodi hadithi za bibi kwa Kimachame, halafu anaziweka katika Kiswahili, na kuna neno moja limemkalia mwezi mzima kwa sababu Kiswahili kinalitaka liwe maneno matatu na bibi anacheka akisikia yale matatu. Mwezi mzima kwenye neno moja! Dada, kama upo, wewe hujaacha. Bibi ana miaka mingi, na wewe ndiye mwenye zamu.

Yuko na fundi seremala wa Majengo. Huyu aliacha kweli, na alikuja kuniambia ana kwa ana, kiume, kwamba mbao zinamtosha. Mwaka huu nilikwenda kwake kuagiza rafu ya vitabu. Akapima, akaandika vipimo kwenye kipande cha boksi, halafu bila kuinua kichwa akasema, "Mwalimu, yule mbwa aliishia wapi?" Sikumwelewa. "Yule mbwa wa sura ya nne. Simba. Uliyetusomea. Alibaki amefungwa pale kwenye mparachichi wakati watu wanahama." Wakati ule nilikuwa bado ninaandika, na nilikuwa nimewasomea mara moja tu. Fundi yule alikuwa amembeba mbwa wangu kichwani miaka kumi, na mimi niliyemfunga pale nilikuwa nimemsahau.

Kuhusu fedha nitasema machache. Wengi waliochapa humu wamemlipa mchapaji kwa pesa zao na kuuza nakala mkononi, harusini na kanisani. Mrabaha wa vitabu haujamjengea mtu nyumba katika darasa hili. Tuzo zipo, na nawahimiza mtume: ipo ile ya fasihi ya Kiswahili iliyoanza 2014 kwa jina la Mabati-Cornell na sasa inaitwa Safal, na ipo Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, iliyotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 2023. Tumeni. Ila mswada usioandikwa hauna pa kutumwa, na ndiyo maana nataka nimalizie na mambo ya hapa ndani.

Chumba hiki jioni za Jumanne, Jumatano na Alhamisi kinakaa kitupu. Nimezungumza na mwenye nyumba, amekubali, na nimechonga funguo tatu, hizi hapa. Daftari la zamu litakaa mezani. Ukiandika jina lako, saa hiyo ni yako, na hakuna atakayekuuliza umeandika kurasa ngapi. Ukishindwa kuja, mpigie mwenzako mapema aje yeye, chumba kisipite bure.

Kuna mama wa Rau mwenye mtoto mchanga, ambaye kazi yake ilitutoa machozi mwezi wa tatu na tangu hapo hajaleta nyingine. Ufunguo peke yake hautamsaidia. Tunahitaji watu wawili wa kumshikia mtoto saa mbili kwa wiki, na huo ndio msaragambo ninaouomba. Mimi nimeshajiandikisha wa kwanza. Nimelea, najua kubembeleza.

Na sisi walimu: kuanzia leo, kila tunapokutana, mwalimu mmoja ataweka mezani kurasa zake kama mwanafunzi. Zitasomwa na kila mtu, zitaandikwa pembeni kwa wino mwekundu, na mwalimu atanyamaza mpaka mwisho, kama ninyi mnavyonyamaza. Tumekubaliana juzi, walimu wote watano. Mmoja wetu ameniambia ana hofu kuliko siku ya mtihani wake wa kidato cha sita. Nami ninayo.

Zamu ya kwanza ni yangu. Nimetoa nakala kumi na tano, mtagawana wawili wawili. Muuza vitenge wetu yupo, namwona pale dirishani, na amekuja na kalamu nyekundu. Fundi, naomba usogee mbele, hapa kuna kiti. Sura ya tano inaanza na mbwa.